Tathmini ya seti ya kushusha na kusawazisha pikapu ya zamani, baada ya miezi minane ya matumizi

Pikapu hutoka kiwandani ikiwa imeinua mgongo, kwa kuwa mtengenezaji huiachia akiba ya kimo upande wa nyuma ili itakapopakiwa mzigo ilale sawa. Mtu ambaye hapakii mzigo mara kwa mara huishia kuendesha gari lililoinamisha pua, na miaka ikishapita, springi hulegea upande mmoja kuliko mwingine, gari likawa limepinda pande mbili kwa wakati mmoja. Hali hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye Toyota Hilux ya kizazi cha 5, ile iliyoanza kutoka mwaka 1988, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Nilinunua seti ya kuishusha nyuma kwa inchi 3, nikaifunga mwenyewe nikisaidiwa na fundi mmoja, na sasa nimeitumia kwa muda wa kutosha kuisemea mema yake na mabaya yake.

Ndani ya boksi mlikuwa na vitofali viwili vya chuma, yubolti nne (boliti zenye umbo la U zinazobana ekseli na springi) pamoja na nati zake, kabari mbili nyembamba za kurekebisha mwinamo wa ekseli, shokapu nne fupi na raba mbili za kupokea ekseli inapopanda. Upande wa mbele hakuna kifaa kipya zaidi ya shokapu, kwa sababu Hilux ya aina hii haina springi za koili mbele. Ina vyuma viwili virefu vya tosheni, ambavyo hubeba uzito kwa kusokotwa, na kimo chake hurekebishwa kwa boliti iliyo kwenye ncha ya kila chuma.

Kabla ya kununua seti ya namna hii, mtu aingie kwanza chini ya gari na kutazama ekseli ya nyuma imekaa wapi. Kwenye gari langu springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hupita chini ya ekseli, kwa hiyo kitofali kikiwekwa kati ya vitu hivyo viwili, ekseli hupanda kuelekea chesisi na gari hushuka. Kwenye pikapu ambazo springi zimelala juu ya ekseli, kitofali kilekile kitaliinua gari, na njia ya kulishusha huwa ni kuihamisha ekseli juu ya springi au kubadilisha springi zenyewe. Muuzaji aliandika kwamba seti yake inafaa pikapu zote za umri huo, kauli ambayo si sahihi na inaweza kumfanya mtu anunue kitu cha kumpeleka juu ilhali anataka kwenda chini.

Kazi yenyewe huanza na futi ya kupimia, wala si spana. Nilipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kwa maana kipimo cha kutoka sakafuni hudanganywa na upepo wa tairi na uchakavu wake. Nyuma palizidi mbele kwa milimita 38, na kona ya mbele kushoto ilikuwa chini kwa milimita 14 ikilinganishwa na ya kulia. Vitofali vya inchi 3 vingeshusha nyuma milimita 76. Nikaamua mbele pashuke 50, ili nyuma pabaki na ziada ya milimita 12. Ziada hiyo niliiacha kwa makusudi. Pikapu iliyosawazishwa kabisa ikiwa tupu hukalia matako mara tu inapopakiwa mifuko michache, na hakuna sura mbaya zaidi kwa gari la kazi.

Vyuma vya tosheni vilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Gari huinuliwa kwanza kwa jeki ili uzito utoke kwenye chuma, alama ya rangi huwekwa kwenye nyuzi za boliti ili mtu ajue alikoanzia, kisha boliti hulegezwa kidogo kidogo, gari hushushwa, husukumwa mbele na nyuma mita chache ili likae, ndipo hupimwa tena. Upande wa kulia niliushusha zaidi ya wa kushoto hadi ile tofauti ya milimita 14 ikaisha. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba kila niliporekebisha kona moja ya mbele, kona ya nyuma iliyo mkabala nayo nayo ilibadilika, kama kitanda kinachotiwa kigae chini ya mguu mmoja, na kwa hiyo nilizunguka gari nikipima kona zote nne mara sita kabla ya kuridhika. Niongeze hapa kwamba kulegeza boliti hizo hakukifanyi chuma kuwa laini, ingawa wengi husema hivyo. Ugumu wa chuma ni uleule. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu kwenye chesisi, kugonga raba yake.

Kuhusu ubora wa vifaa, vitofali ni imara na pini ya katikati ya springi iliingia kwenye tundu lake bila kucheza, jambo la lazima, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayozuia ekseli isihame mbele au nyuma. Yubolti zilikuwa ndefu kupita kiasi na ikabidi nizipunguze ncha ili zisiwe kitu cha kwanza kugonga tuta. Nilizikaza tena baada ya kilometa chache za mwanzo, na nati karibu zote zilipokea robo ya mzunguko. Asiyefanya hivyo anaendesha na ekseli isiyobanwa sawasawa.

Kabari zilinipa shida. Ekseli ikipanda, pembe kati ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na difu (giaboksi ndogo ya ekseli ya nyuma) hubadilika, na krosi za propela, yaani viungo vyake vinavyojikunja, hutulia pale tu shafti inayotoka kwenye giaboksi na ile inayoingia kwenye difu zinapoelekea kuwa sambamba. Maelekezo yaliniambia niweke sehemu nene ya kabari ielekee mbele. Nikafanya hivyo, nikapata mtetemo mzito kila nilipoondoka kutoka kwenye kusimama. Tulipopima pembe kwa kipimo cha mwinamo, tukaona kabari ilikuwa inazidisha kosa badala ya kulipunguza. Tuliigeuza, na mtetemo ukaisha siku hiyohiyo.

Kasoro kubwa zaidi ni ya kitu ambacho maelekezo hayakukitaja hata kwa neno moja. Pikapu nyingi za Toyota za miaka hiyo zina vali ya breki inayosoma mzigo: imefungwa kwenye chesisi na imeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kiungo chembamba cha chuma. Mzigo ukipakiwa, chesisi hukaribia ekseli, vali nayo hufungua ili breki za nyuma zipate msukumo zaidi. Sasa mtu akishusha gari kwa vitofali, chesisi inakuwa karibu na ekseli wakati wote, na vali huamini kwamba gari limebeba mzigo hata likiwa tupu. Nililigundua hilo nilipofunga breki kwa nguvu kwenye lami yenye unyevu, magurudumu ya nyuma yakajifunga kabla ya yale ya mbele na mkia ukaanza kuteleza kwenda pembeni. Nilikuwa peke yangu barabarani, na nashukuru. Dawa yake ni kurekebisha urefu wa kiungo hicho na kuhakikisha kwa geji za msukumo kwamba mgawanyo wa mbele na nyuma umerudi unapotakiwa. Mimi nililiachia karakana yenye geji hizo. Kampuni inayouza vitofali vya kushusha nyuma bila kumwonya mnunuzi kuhusu breki inastahili kulaumiwa waziwazi, hata kama chuma chake ni kizuri.

Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, haiepukiki na lazima iwe ya mwisho, baada ya kimo kutulia. Mikono ya juu ya mbele ni mifupi kuliko ya chini, hivyo gari likishuka, vichwa vya magurudumu huinamia ndani na tairi huanza kulika ukingo wa ndani. Sahani za kurekebishia zilizokuwepo zilitosha kwa milimita 50. Kushusha zaidi ya hapo kungehitaji spindo (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele) zilizotengenezwa upya, ambazo hushusha gari bila kugusa pembe ya mikono. Taa nazo zilihitaji kuinamishwa, kwa sababu nyuma pameshuka zaidi ya mbele na miale ilikuwa inawapiga machoni waendeshaji wanaokuja.

Barabarani, gari limebadilika tabia. Kwenye kona haliegemei kama zamani, upepo wa pembeni hauliyumbishi sana, na shokapu fupi zinafanya kazi katikati ya safari yake badala ya kubanwa mwishoni. Kwenye matuta hali ni nyingine, kwani nafasi kati ya ekseli na chesisi sasa ni ndogo na raba fupi hupokea kishindo ambacho zamani kingepotelea hewani. Nusu ya mzigo niliokuwa nikibeba awali hulifanya gari ligonge kwenye mashimo. Nguvu ya springi haijapungua, lakini pa kwenda hapapo. Wapo wanaoikata chesisi juu ya ekseli kwa umbo la nusu mwezi na kuichomelea kipande cha kuiimarisha ili kupata nafasi hiyo, ila chuma cha pikapu ya zaidi ya miaka 30 huenda kimeliwa na kutu kwa ndani, na sikuwa tayari kuweka msumeno hapo.

Naipa seti hii alama tatu kati ya tano. Mbili nilizoziondoa ni za maelekezo, moja kwa kabari na nyingine kwa vali ya breki. Anayebeba mzigo kila juma achukue ya inchi 2, au aache springi za kiwandani na arekebishe kona iliyolala tu.