Kuhifadhi umeme wa sola nyumbani Mombasa: chaguo 4, kuanzia lililo bora

Kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya usiku mmoja. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 225. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400, televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240, ruta ya wati 10 kwa saa 10 ni 100. Jumla 965, karibu uniti moja ya stima. Friji haimo.

1. Betri ya lithiamu (LiFePO4), volti 12.8, ampea-saa (Ah) 100. Ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 90 na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa vifaa vya nyumbani) ikala sehemu yake, unabaki na kama 1,035: usiku wako umetosha, ila ziada ni ndogo. Dukani, omba mizani. Betri halisi ya ukubwa huu huwa na kilo 9 hadi 13. Ya kilo 5 ina seli chache kuliko kibandiko kinavyodai. Inveta ya wati 600 inatosha, kwa waya wa mm² 16 na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na ncha ya chanya. Usiiweke chini ya mabati, kwa sababu ikipita nyuzi 45 haifai kuchajiwa. Nyali au Likoni, karibu na bahari, paka grisi kwenye ncha, la sivyo chumvi itazila.

2. Betri ya jeli, volti 12, Ah 200. Ukubwa ni maradufu kwa sababu hutakiwi kushuka chini ya nusu ya chaji. Joto ndilo adui yake: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu hivi, na Mombasa 25 ni ndoto. Pima volti kabla ya kulipa. Ikiwa chini ya 12.4, imekaa rafuni ikijimaliza. Iache hapo hapo.

3. Betri ya gari. Bei ndiyo inayodanganya. Sahani za risasi zilizo ndani yake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiimaliza kila usiku haimalizi mwaka.

4. Hewa ya kompresa. Mchana umeme unabana hewa mtungini, usiku hewa hiyo inazungusha mota na jenereta kurudisha umeme. Video zake zinavutia, hesabu haivutii. Mtungi wa lita 100 kwa shinikizo la bar 8 una wati-saa 33 tu, hata kama hakuna kinachopotea. Kompresa ya hp 2 hula takriban 150 kuujaza, kwa kuwa hewa ikibanwa hupata moto na moto huo hupotea kupitia ukuta wa mtungi. Ikitoka hupoa ghafla, unyevu wa pwani ukageuka maji ndani ya mota ya hewa. Kwa mota ndogo na jenereta, ukipata 15 shukuru. Kwa usiku mmoja unataka mitungi zaidi ya 60! Kituo cha umeme cha Huntorf, Ujerumani, kinahifadhi umeme kwa hewa tangu 1978, lakini ndani ya mapango ya chumvi, na bado kinachoma gesi asilia.

Ukiona mtu anatumia bomba la PVC au mtungi wa gesi ya kupikia kuhifadhia hewa, sogea mbali. PVC hupasuka vipande kama vya gruneti, na mabaki ya gesi yakichanganyika na hewa yanaweza kulipuka.

Mwenye panchari Changamwe au Kongowea ana hesabu nyingine, maana yeye anataka hewa yenyewe. Ajaze mchana jua likiwa kali, atumie jioni bila kurudisha umeme. Inveta iwe kubwa: mota ya hp 2 ikiwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake 1,500, hivyo chukua ya wati 5,000. Mtungi uwe na vali ya usalama na kibandiko kinachoonyesha shinikizo unaloweza kubeba, na koki ya chini ifunguliwe kila jioni. Maji yakilala ndani, kutu hula chuma kutoka ndani bila kuonekana.