Uzoefu wangu: kozi ya jioni ya utangulizi wa saikolojia hapa Kisumu

Tangu nimalize kozi hii watu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipiwa, basi niandike mara moja nipumzike. Kama kazi yako ni ya watu, wawe watoto, wagonjwa, wateja au mahabusu, na unaweza kesho yake kujaribu ulichofundishwa jana, lipa ukasome. Kama unatafuta cheti cha kutundika ukutani, zipo kozi za bei rahisi kuliko hii na hazikuchoshi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, darasa la PP2, kule Manyatta. Chuo ni cha kibinafsi, kiko katikati ya mji, na jina lake nitaliacha kwa sababu mengine ninayoyasema si matamu. Karo ilikuwa Sh14,000 kwa muhula, unalipa kwa awamu mbili kwa M-Pesa, na vitini unajigharamia mwenyewe kwa yule kijana wa fotokopi pale chini. Masomo yanaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Darasani tulikuwa na muuguzi, askari wa magereza, mchungaji, mama mwenye duka la vipodozi, kijana wa bodaboda na walimu kadhaa. Mchanganyiko huo, nadhani, ndio uliookoa kozi, kwa sababu kila nadharia ilipotajwa kulikuwa na mtu wa kusema "kwetu kazini haiendi hivyo."

Historia ilipita haraka na sikulalamika: Wilhelm Wundt akafungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, William James akaandika, twende mbele. Tulipofika kwa Freud ndipo tukakwama. Mwalimu wetu anampenda Freud kama watu wengine wanavyopenda Gor Mahia, na karibu theluthi ya muhula ilikwisha kwa ndoto, utoto na tamaa zilizofichika. Freud ana nafasi yake katika historia ya fani, sikatai. Lakini mengi aliyoyasema hayapimiki, na sisi tulikuwa na hamu ya mambo ya kupimika.

Sehemu ya kujifunza ndiyo iliyorudisha pesa yangu. Pavlov nilikuwa nikimjua kwa jina na mbwa wake tu. Sikujua kuwa hakuwa mwanasaikolojia hata kidogo. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, Mrusi, na Tuzo ya Nobel ya 1904 aliipata kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Mbwa walianza kudondokwa na mate kabla ya kuonja kitu, kwa kuona tu dalili kwamba chakula kinakuja, na hilo ndilo lililomvuta. Muuguzi wetu akacheka: "Mimi sina haja ya mbwa. Njoo kliniki ya chanjo uone mtoto anavyolia akiona koti jeupe mlangoni, sindano hata haijatoka." Mwalimu akamtumia huyo mtoto kutueleza yote: sindano ni kichocheo chenye maumivu yake, koti lilikuwa kitu cha kawaida tu, vikaja pamoja mara kadhaa, na sasa koti peke yake linatosha kuliza.

Kutoka hapo tukaingia kwa Watson na Rayner, mwaka 1920, waliomtisha mtoto mchanga aliyeitwa Albert kwa kugonga chuma nyuma yake kila alipomgusa panya mweupe. Hofu ikahamia kwa sungura na vitu vingine vya manyoya, na mtoto akaondoka bila hofu hiyo kutibiwa. Mama wa vipodozi alikasirika kweli: "Mtoto wa wenyewe huyo! Na mama yake alikuwa wapi?" Tukazungumza maadili ya utafiti jioni nzima kwa sababu ya swali lake, na ilikuwa jioni nzuri kuliko kitini chochote.

Skinner, yule wa tuzo na tabia, naye alinifaa darasani kwangu siku ileile. Tuzo inayokuja kila mara hufundisha haraka, lakini ikikatika, tabia nayo hukatika upesi. Tuzo inayokuja bila kutabirika hushikilia tabia kwa muda mrefu sana. Kijana wa bodaboda alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, hapo umenieleza kamari." Ndiyo yenyewe. Unashinda leo kidogo, unapoteza mara nyingi, na hujui ushindi ujao uko wapi, kwa hiyo kidole hakiachi simu. Kwangu mimi ilikuwa ni kilio cha watoto. Mtoto akilia kutaka kitu ukamnyima mara nyingi kisha siku moja ukachoka ukampa, umemfundisha kwamba kulia kwa muda mrefu kunalipa. Niliwaeleza wazazi hivyo kwenye mkutano wetu, na baba mmoja akaniambia, "Ticha, kwa nini hukutuambia mapema, sisi tumeshaumia."

Kumbukumbu ilifundishwa vizuri pia. Ebbinghaus, Mjerumani, alijitumia mwenyewe kama mtu wa majaribio, akikariri silabi zisizo na maana na kupima anazisahau kwa kasi gani. Kitabu chake kilitoka 1885. Aliona kwamba tunasahau sana mwanzoni kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashinda kukariri kwa mkupuo. Nilikuwa nikifundisha herufi kwa kipindi kimoja kirefu Jumatatu. Sasa nagawanya dakika chache kila asubuhi.

Halafu likaja somo la Elizabeth Loftus. Mwaka 1974 yeye na Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza kasi ya magari kwa maneno tofauti. Walioulizwa yalikuwa yakienda kasi gani "yalipopondana" walikadiria wastani wa maili 40 na ushei kwa saa. Walioulizwa kuhusu "yalipogongana" walisema 34. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo chochote. Wa "yalipopondana" waliosema ndiyo walikuwa 16 kati ya 50, na wa "yalipogongana" 7 kati ya 50.

Mwalimu alituonyesha video fupi ya ajali ya matatu, akatupa vikaratasi, nusu ya darasa swali hili, nusu lile, bila kutuambia. Kikao kilichofuata akauliza kuhusu vioo. Mchungaji aliviona vioo, akatueleza vilimwagikia upande gani wa barabara. Video ikachezwa tena. Akainama karibu na skrini, akaomba irudishwe nyuma, akaomba tena. Askari wa magereza hakucheka. Alisema tu, "Na hapo mtu angekuwa ametoa ushahidi mahakamani." Kama kozi nzima ingefundishwa hivyo, ningempa mwalimu huyo alama zote.

Ukuaji wa mtoto ndio nilioujia, na hapo mambo yalichanganyika. Piaget tulimsoma kwa hatua zake nne za kufikiri kwa mtoto, umri kwa umri, kama ratiba ya treni. Niliamua kuhakikisha mwenyewe. Nilipanga vizibo vya soda sita, na chini yake sita vingine, mkabala. Nikamuuliza mtoto wa miaka mitano, mstari gani una vizibo vingi. "Ni sawa." Nikavitanua vya chini mbele ya macho yake, nikauliza tena. "Huu, ticha." Kwa nini? "Ni mrefu." Tukahesabu pamoja, sita, sita. Na sasa? Akanitazama, akatazama vizibo, akagusa mstari mrefu. Karibu darasa zima lilijibu hivyo, sawa kabisa na Piaget.

Nilipoenda kumwambia mwalimu kwenye korido, alinipa kitu ambacho hakikuwa kwenye kitini: McGarrigle na Donaldson, waliorudia jaribio hilo Uskoti miaka ya 1970, ila vitu vikavurugwa na mdoli mtundu badala ya mtafiti. Mara hii zaidi ya nusu ya watoto walijibu sawasawa. Wazo ni kwamba mtoto akiulizwa swali lilelile mara mbili na mtu mzima aliyebadilisha kitu kwa makusudi, anadhani anatakiwa abadilishe jibu. Nikamchukua tumbili wetu wa kitambaa, nikamfanya aruke juu ya vizibo. "Huyu tumbili ni mbaya," mtoto mmoja akasema, "lakini ni sawa tu, amesukuma tu." Wengi walijibu hivyo. Tangu hapo nachunga sana kuuliza swali moja mara mbili, maana watoto wetu wamelelewa kuheshimu mkubwa na wanaweza kuacha jibu sahihi kwa adabu tu. Sasa, kitu kama hicho kwa nini kibaki kwenye korido?

Na hapa ndipo lalamiko langu kubwa. Kozi inafundishwa Kisumu, na watoto wote wa kwenye vitini ni wa Geneva, Boston na Baltimore. Wakati huohuo, magharibi ya Kenya ni mojawapo ya sehemu za Afrika ambako watafiti wa ukuaji wa mtoto wamefanya kazi nyingi. Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kwa Wakipsigis, miaka ya 1970. Waliona watoto wa pale wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa wazazi wanawafundisha makusudi: mtoto anachimbiwa kishimo ardhini, anazungushiwa nguo, anazoezwa kukaa. Kutambaa, ambako hakufundishwi, hakukuwahi mapema. Kwa mwalimu wa chekechea hiyo ni habari kubwa: kumbe hata kutembea kuna sehemu ya malezi ndani yake. Robert LeVine na wenzake walikuwa Kisii tangu miaka ya 1950. Carol Ember alichunguza wavulana wa Kiluo hapa Nyanza waliopewa kazi za nyumbani kwa kukosa dada wa kuzifanya, akawaona wana ugomvi mdogo kuliko wenzao. Na Usenge, kule ziwani, Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba, makala yao ikatoka 2001: waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo katika mitihani ya msamiati wa kishule. Nina watoto darasani ambao ni wazito kwa kitabu na ukiwauliza mti gani unatibu tumbo wanakutajia, kwa hiyo mtu aliyesoma saikolojia Kisumu bila kusikia habari ya Usenge amepunjwa.

Hata Mary Ainsworth, ambaye tulimsoma kwa kirefu juu ya mtoto na mlezi wake, tuliambiwa habari za Baltimore tu. Alianza kuwatazama mama na watoto Uganda, vijijini karibu na Kampala, katikati ya miaka ya 1950. Niligundua hayo kwa kujisomea, na nilipoyasema darasani mwalimu alifurahi kwa dhati, si mtu mbaya, ila kitini kilibaki kilekile.

Kuna mengine yaliyopitwa na wakati. Jaribio la gereza la Zimbardo la 1971, ambamo wanafunzi waliigiza walinzi na wafungwa, lilisimuliwa kama ushahidi kwamba sare na rungu vinatosha kumgeuza mtu, bila kutajwa kwamba nyaraka zake zilizochunguzwa miaka ya karibuni zinaonyesha walinzi walielekezwa wawe wakali. Askari wetu alilishuku hata kabla ya mimi kusema. Milgram alimgusa zaidi: watu 26 kati ya 40 walioendelea kubonyeza swichi wakidhani wanampiga mwenzao shoti ya umeme, hadi volti 450, kwa sababu mtu mwenye koti aliwaambia waendelee. Piramidi ya Maslow, ile ya mahitaji ya binadamu, ilichorwa ubaoni kana kwamba yeye ndiye aliyeichora, na haikuwa hivyo. Tukafundishwa pia kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, yule wa masikio, jambo ambalo lilipochunguzwa halikupata ushahidi wa maana. Walimu waliokuwa darasani waliliandika kwa kalamu nyekundu. Hilo liliniuma.

Mtihani ulikuwa wa kuoanisha majina na nadharia. Umekariri, umepita. Ofisi nayo, sina neno zuri la kusema: risiti za M-Pesa zilitafutwa upya karibu kila mwezi, stima ikipotea hakuna jenereta, na cheti nilikifuatilia hadi nikajuana na mlinzi wa lango kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Jambo la kuzingatia kabla hujatoa pesa: cheti hiki hakikufanyi mshauri nasaha wala mwanasaikolojia. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kazi hiyo ina masharti yake ya kusajiliwa. Mtu wa mapokezi alikuwa akiwaambia wanaouliza kwamba "mtafungua ofisi." Usikubali maneno hayo. Uliza badala yake nani anafundisha (kama ni huyu wetu, sawa, mvumilie kwa Freud), na mwombe akuonyeshe mpangilio wa mada.

Mimi nampa mwalimu alama nne kwa tano, vitini navipa mbili, ofisi naipa moja. Chuo kimetangaza kozi ya pili, ya saikolojia ya mtoto, kuanzia muhula ujao. Nimewaandikia kuuliza kama Kokwet na Usenge zimo. Wakinijibu ndiyo, awamu ya kwanza ya karo ninayo.