Uzoefu wangu: kurambaza sangara kwa mishipi minne na visahani vya kuzamishia

Kwa anayerambaza sangara, yaani kuburuza chambo nyuma ya boti inayokwenda, nje ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Kome au Ukerewe, navisifu sana visahani vya kuzamishia: vya mviringo, vinafungwa kwenye mshipi mbele ya chambo ili kukishusha chini, vina risasi upande mmoja na bamba la namba 0 hadi 3. Boti ndogo inaburuza mishipi minne, kila mmoja na kina chake. Ila ukivipanga ovyo, utashinda unafumua mafundo.

Bamba likiwa 0, kisahani kinazama kikifuata nyuma ya boti. Kadiri unavyosogeza kuelekea 3, kinavuta pembeni na kina kinapungua. Mishipi ya nje naiweka 3, ya ndani 1. Kwenye 1, mita 20 za mshipi hukupa takriban mita 10 za kina. Kwenye 3, ni mita 6 au 7. Bamba la kushoto lisogezwe kushoto na la kulia kulia, maana ukikosea visahani vinakatizana chini ya boti.

Tangulia kushusha ya nje, boti ikienda kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Legeza breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kiasi tu, mshipi utoke taratibu. Sababu ya kuweka ya nje juu ni hii: sangara akikamata huko, kisahani kinafyatuka, kinalala bapa na kupanda, naye anarudi nyuma akipita juu ya mishipi ya ndani. Usizime injini, punguza mwendo tu, la sivyo mishipi mingine inalegea na kuzama.

Skrubu ya mfyatuko ndiyo roho ya kifaa. Ikilegea, wimbi dogo linafyatua. Ikikazwa mno, sangara mdogo anaburuzwa bila wewe kujua, na kukivuta kisahani kisichofyatuka ni kazi ya kuvunja mgongo. Kijaribu kando ya boti kwenye mwendo uleule: kitulie chenyewe, kifyatuke ukikivuta kwa nguvu mara moja. Chambo bandia chenye mdomo mpana kinavuta sana na kukifyatua, kwa hiyo chagua kinachoogelea juujuu.

Tumia uzi wa kusuka. Nailoni inanyumbuka, na ukiwa umetoa mita 40 hutaweza kufyatua kutoka kwenye boti. Nyuma ya kisahani funga nailoni nene ya milimita 0.9 au 1, kwa sababu meno ya sangara yanakwangua kama msasa. Urefu wake uwe mita 1.5 hadi 2. Ukizidisha, samaki hafiki ubavuni, maana kisahani hakipiti kwenye pete za fimbo. Vishikio vya fimbo vifungwe kwa bolti, si skrubu za mbao, kwani mvuto ni mkubwa hata bila samaki.

Kona ndiyo mtihani. Mishipi ya upande unaokunjia inapungua kasi na kuzama, na miamba ya Mwanza haiishii juu ya maji, inaendelea chini. Kata kona pana, au pandisha ya ndani kwanza.

Ndani ya ghuba, penye maboya ya nyavu na magugu maji, naburuza mishipi miwili tu, yote namba 1. Majani yakinasa kwenye mshipi huteleza hadi kwenye kisahani na kukifyatua, na mshipi wa pembeni ukishika wavu wa mtu, hasara ni yenu wote wawili.