Makumbusho ya Kent State (Marekani) na ya Derry (Ireland ya Kaskazini), zote za waandamanaji waliopigwa risasi na askari, nimeingia zote mbili

Nianze na habari njema, hii ya Kent ni bure, hulipi hata senti. Iko ndani ya Taylor Hall pale chuoni Kent State, Ohio, na kutoka Cleveland kwa gari haifiki saa moja kama hakuna jam. Nilienda na shemeji yangu, yeye alidhani tutaangalia picha za zamani dakika kumi tukatafute chakula, tukaja kutoka saa tisa alasiri na njaa zetu.

Ndani ni video, magazeti, vita vya Vietnam, rais Nixon anatangaza Aprili 30, 1970 kwamba jeshi linaingia Kambodia na vyuo vinawaka kwa maandamano. Sawa. Ila mambo yenyewe yako nje. Unapanda kile kilima mpaka pale askari wa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, walipogeuka Mei 4 wakamimina risasi zaidi ya 60 kwa sekunde 13, wanafunzi wanne wakafa, tisa wakajeruhiwa, halafu unateremka mpaka parking unakuta sehemu nne zimezungushiwa vinguzo vya taa, gari haliruhusiwi kukanyaga hapo, kila moja ni pale alipoangukia mtu. Jeffrey Miller ndiye alikuwa karibu kuliko wenzake na hata yeye ni kama mita 80. Sandra Scheuer ni karibu mita 120 na wala hakuwa anaandamana, alikuwa anaenda zake darasani! Shemeji alisimama hapo akatazama kule juu akaniuliza, "Sasa huyu wa huku walikuwa wanamuogopea nini?" Nikanyamaza tu.

Derry nilienda mwaka juzi, kule unalipa kiingilio lakini lipa tu. Makumbusho iko kwenye mtaa wa Bogside wenyewe, pale pale askari wa parachuti wa Uingereza walipoua watu kwenye maandamano Januari 30, 1972, 13 siku hiyo na mwingine akafa baadaye, na walioianzisha ni pamoja na ndugu za marehemu, kwa hiyo husomewi historia, unaambiwa na wenye msiba. Nje ukutani kuna ile picha kubwa ya padre Edward Daly anapunga leso nyeupe, nyuma yake wamembeba Jackie Duddy, mtoto wa miaka 17.

Sasa tofauti ninayoiona mimi. Derry ripoti ya kwanza ya serikali iliwaondolea lawama wale askari mwaka huo huo, familia zikakomaa miaka 38 mpaka waziri mkuu Cameron akasimama bungeni 2010 akaomba radhi. Kent majeruhi na familia za waliokufa waliishia kulipwa dola 675,000 mwaka 1979, wagawane, pamoja na karatasi ya kusikitika, na kusikitika si kuomba msamaha bwana. Kufungwa, hakuna askari aliyefungwa kote kuwili.

Na aibu yangu niitoe hapa hapa: nimesoma Nairobi miaka minne, kila siku napita kituo cha polisi cha Central na hoteli ya Norfolk, mahali watu waliokuja kudai Harry Thuku, mtetezi wa haki aliyekamatwa na wakoloni, aachiwe walipigwa risasi Machi 1922, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele yao, na sijawahi kusimama hata dakika moja.

Derry nyota tano, Kent nne na nusu. Kwa Kent angalia siku wanazofungua kabla hujatoka nyumbani, na vaa raba maana kile kilima ukienda na viatu vya kanisani kama shemeji utajuta.