Mtungi mzuri, muuzaji sijui nimwiteje (uzoefu wangu)

Naandika hii nikiwa bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie, nitarukaruka. Urefu, upana, rangi zilizopo za huu mtungi wa udongo nilionunua, hayo yote muuzaji kaweka kwenye tangazo lake, kasomeni wenyewe. Mimi nataka kuongelea duara moja tu. Duara jeupe, ukubwa wa kisahani cha kikombe, lilikaa katikati ya meza ya shangazi yangu na nikawa naliona hata nikifumba macho.

Miezi mitatu minne hivi iliyopita, labda na zaidi, nilikuwa nimepanga upya sebule. Makochi ya kijivu yenye miguu myembamba, kabati la tivii lenye kona kali, halafu meza ya mbao ya kahawia iliyokolea ambayo shangazi aliniachia alipohamia nyumba ndogo. Nikakaa nikaangalia, nikaona mbona sebule yangu imekuwa kama mapokezi ya ofisi, kila kitu kimenyooka, kila kitu kina pembe. Nikajua hapa panataka kitu cha mviringo, cha udongo, chenye tumbo, kivunje hiyo mistari. Na kwa hilo sijakosea, hata leo nasema hivyohivyo.

Basi nikakutana na huyu muuzaji, simtaji jina maana sitaki maneno. Yeye anajinadi kwamba wewe tuma picha za sebule tu, yeye anakuchagulia chombo kinachoendana na fenicha zako. Nikasema hapo sasa. Nikapiga picha kama nane usiku balbu za njano zinawaka, nikatuma. Kaka wa watu mchangamfu huyo, "dada yangu nimeshakuelewa, yaani hiyo meza inaita udongo mwekundu, niachie mimi." Hakuuliza meza imepakwa nini juu. Hakuuliza mchana mwanga unaingilia wapi. Hakuuliza kama nitaweka maua ya kweli au ya plastiki. Kaangalia rangi, basi. Na mimi mjinga nikafurahi kwamba nimepata mtaalamu.

Mtungi ukaja. Jamani niseme ukweli, mzigo ulifungwa vizuri sana, makaratasi mpaka nikachoka kufungua. Na ulivyotoka humo ndani nikanyamaza kidogo. Hauna glezi, ule mpako kama kioo unaochomewa juu ya udongo, haung'ai kabisa, udongo mtupu mwekundu, na kuanzia chini mpaka shingoni kuna mifereji midogo inazunguka, ile ya vidole vya mfinyanzi wakati gurudumu linazunguka. Ukiweka kidole chako kwenye mfereji kinaingia palepale kama umepimwa wewe. Kila aliyekuja kwangu wiki ile aliugusa, hata wale ambao hawana habari na mapambo.

Asubuhi yake ndo nikashtuka kidogo, maana mwanga wa dirishani ulivyoupiga ukageuka rangi ya tofali kabisa, unapigana na meza. Jioni balbu zikiwaka wanapatana tena. Kumbe picha za usiku zilimdanganya yeye na mimi, ule unjano wa balbu unafanya kila kitu kionekane ndugu. Hilo sikumlaumu, nikausogeza upande wa pili mbali na dirisha, yakaisha. Ningeishia hapo ningempa nyota tano na ningewatumia wote namba yake.

Sasa maua. Kwenye tangazo lake, na picha ninayo hadi leo sijaifuta, mtungi uleule umejazwa maua mabichi yana matone kabisa kwenye majani. Mtu mwenye akili timamu ataelewa nini? Nikaweka maji, nikaweka maua, nikapendeza na nyumba yangu. Siku ya tatu au ya nne nafuta vumbi, nauinua mtungi, ukagoma kidogo halafu ukaachia kwa kamlio, kama kinywaji cha sukari kimekaukia chini ya glasi. Na pale chini, duara jeupe. Nikadhani vumbi nikalifuta kwa mkono wa gauni. Nikachukua kitambaa. Nikachukua sabuni. Nikaanza kutetemeka, maana shangazi alikuwa kanipigia juzi yake tu kasema mwisho wa wiki anakuja kuona nilivyopanga.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu zote, kaka habari za leo, samahani kwa usumbufu, mtungi unavuja. Tiki zikawa za bluu saa hiyohiyo, akakaa, akakaa, ndo akajibu:

"Hauvuji dada. Unapumua."

Unapumua! Yaani mimi meza yangu imeharibika mtu ananiambia mtungi unapumua. Nikamuuliza unapumulia kwenye meza ya shangazi yangu? Akatuma voisi, na nyuma nasikia watu wanacheka, anasema mbona wengine hawalalamiki, ulinunua pambo, ungetaka ndoo ungesema. Nikamkumbusha ile picha ya maua. Akasema ile ni picha tu ya kuvutia. Halafu akaona haitoshi akaanza kunipa historia, eti hata Wedgwood, mfinyanzi wa zamani wa Uingereza, alitengeneza vyombo visivyo na glezi na mpaka leo watu wanavigombania, kwa hiyo tatizo ni mimi sijui sanaa. Nikaandika aya moja ndefu, hiyo niliiandika kwa vidole viwili vya hasira, kabla sijatuma ya pili picha yake ya wasifu ikapotea. Kanibloku.

Usiku ule sikulala, nikakaa na simu nasoma kuhusu udongo. Na ndo kitu kinachoniuma zaidi kuliko yote, yule mtu hakudanganya. Udongo mwekundu wa kawaida unachomwa kwenye nyuzi joto kama 1000 hadi 1150 hivi za Selsiasi, ukitoka tanurini bado una vitundu vidogo visivyoonekana, maji yanapita humo taratibu kama jasho. Ndo maana maji ya mtungini yanakuwa ya baridi, yale yanayotoka nje yakikauka yanaondoka na joto. Kwa hiyo kupumua unapumua kweli! Ila hiyo Wedgwood yake ndo aliyoniuzia mbuzi kwenye gunia. Vile vyombo vya kibluu bluu vyenye picha nyeupe za kuchomoza, vya miaka ya 1770, ni kweli havina glezi, lakini ule ni udongo mwingine kabisa, wa kundi linalochomwa nyuzi 1200 kwenda juu mpaka unashikana wote kama jiwe, maji hayana pa kupita. Kutong'aa siyo tatizo. Unaweza kupata mtungi usiong'aa kabisa na ukakaa na maji mwaka mzima. Swali ni umechomwa kiasi gani, na hilo yeye analijua, na hakuniambia.

Hata glezi yenyewe msiiamini sana. Kuna vyombo utaona glezi ina nyufa nyembamba kama utando wa buibui, inatokea pale glezi na udongo vinaposinyaa tofauti wakati wa kupoa, wengine wanaifanya makusudi maana inapendeza. Kama udongo wa chini yake ni ule wa vitundu, maji yanapenya humohumo. Siku hizi mimi chombo chochote kikija kabla hakijaona meza kinalala usiku mzima kimejaa maji juu ya gazeti. Asubuhi gazeti likiwa na alama, huyo ni wa maua makavu, hatujadiliani. Na nakigonga kwa kifundo cha kidole, kikilia kizima, sawa, kikilia kama debe lililopasuka, kina ufa hata kama huuoni.

Na geuzeni chini! Hakuna anayegeuza chini. Mimi nilihangaika na rangi, na tumbo, na kama shingo inafanana na miguu ya makochi, kumbe sehemu pekee ya mtungi inayokutana na fenicha ni ule ukingo wa kitako. Hata vyombo vyenye glezi hapo huwa vimeachwa vitupu, maana glezi ikiyeyuka hapo ingegandia tanurini. Kwa hiyo panabaki pakavu, pana chembechembe kama msasa. Huu wangu una chembe moja upande mmoja, ukiusukuma badala ya kuuinua inachora. Vipande vinne vya felti, kile kitambaa kinene laini, vya kubandika chini vingemaliza yote hayo. Vinne. Angenitumia humohumo kwenye yale makaratasi yake yote.

Shangazi akaja. Nilikuwa nimefunika duara kwa kitambaa, akakitoa kabla hata hajakaa. Akaangalia. Mimi nikaanza kueleza, kaka yule, picha ya maua, unapumua, shangazi yangu wala hanisikilizi, kageuza mtungi anaupapasa kitako kwa kidole gumba. Akasema, "Lete pasi mwanangu." Akasema kama doa ni jeupe unyevu umenaswa kwenye vanishi tu, haujafika kwenye mbao, lingekuwa jeusi hapo ndo ningelia. Pasi ikae moto mdogo, bila mvuke hata kidogo, kitambaa kikavu cha pamba katikati, anagusa sekunde chache, anafunua, anaangalia, anagusa tena. Mimi nimesimama nimeziba mdomo maana vanishi nayo ukizidisha joto inaharibika, na yeye mwenyewe alianza na ukingo wa chini wa meza ambako hakuonekani. Mara ya sita hivi duara likaanza kufifia kama pumzi kwenye kioo. Likaisha. Ule mchoro wa chembe upo, huo haukutoka na sidhani kama utatoka.

Basi nasubiri anitetee, amtukane huyo kaka japo kidogo. Shangazi kaurudisha mtungi mahali pake juu ya kitambaa, karudi nyuma hatua tatu, kainamisha kichwa. "Huu kakuchagulia nani? Ana jicho huyo." Nikamwambia shangazi kanibloku! Akasema na wewe ungeandika aya ndefu hivyo kwangu ningekubloku.

Kwa hiyo nyota ngapi. Nilivyoanza kuandika nilitaka kutoa moja na hiyo ya makaratasi. Nikifikiria ile voisi na kile kicheko cha nyuma natoa sifuri, mtu anayekwambia wengine hawalalamiki baada ya kuwabloku wanaolalamika hana nyota kwangu. Lakini sasa hivi nimekaa hapa, ni jioni, balbu zimewaka, na ule mtungi na ile meza wanaongea lugha moja, tumbo lake linafika sawasawa na mkono wa kochi, mifereji inakamata mwanga upande mmoja tu, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nisingeuchagua huu, ningechukua kile cheupe cha kung'aa na kingekaa pale kama sinki. Jicho analo. Mdomo ndo hana, na maswali hana. Nyota tatu? Mbili na nusu. Mkimtumia picha tumeni za mchana na za usiku, na mwandikieni kabisa kwamba maji yatakuwemo, muone atajibu nini.

Juzi shangazi kanionyesha kwenye simu yake, yeye hajablokiwa, kaka kaweka mwingine mrefu mwembamba mweusi, nikaona kabisa utakavyokaa kwenye ile kona ya kabati la tivii. Nimemwambia shangazi aulize ni udongo gani na umechomwa nyuzi ngapi. Asitaje jina langu.