Amida Digitrend na wenzake: saa ipi ya tarakimu inayoruka inastahili fedha zako?

Mnunuzi wa saa ya tarakimu inayoruka anapaswa kuichunguza mashine kabla ya kusikiliza sifa za jina. Katika saa ya kweli ya aina hii, tarakimu ya saa hutulia kwenye kidirisha cha uso wake kwa dakika 60 huku springi ikikazwa kidogo kidogo, kisha springi hiyo huachiliwa na tarakimu mpya huingia mara moja. Saa nyingi za bei nafuu za miaka ya 1970 zinafanana nayo kwa nje, lakini diski zake, yaani visahani vilivyochapwa tarakimu, hujiburuta, kiasi kwamba karibu na saa kamili huonekana nusu ya 3 na nusu ya 4. Mwambie muuzaji azungushe dakika hadi zipite 60 mbele ya macho yako.

Nafasi ya kwanza naipa Digitrend mpya. Kampuni ya Amida ilianzishwa mwaka 1925 katika mji wa Grenchen, Uswisi, na mwaka 1976 ilileta Digitrend kwenye maonyesho ya Basel, wakati ambapo saa za kielektroniki zilikuwa zimewateka wanunuzi. Ilichukua sura ya saa hizo lakini ndani ikabaki na mashine ya kutiwa ufunguo: diski zimelala juu ya mashine, tarakimu zake zimechapwa kinyume, na prizimu, kipande cha kioo kinachopindisha mwanga, huzigeuza na kuzileta kwenye ukingo wa saa, ili dereva asome wakati bila kuachia usukani. Ubunifu huo haukuiokoa kampuni, ambayo ilikufa kabla ya mwongo huo kwisha.

Waliofufua jina hilo mwaka 2024, wakiongozwa na mbunifu Matthieu Allègre, walibadilisha kile kilichokuwa dhaifu na kuliacha umbo lilivyo. Sasa ndani yake mna mashine ya P092 ya kampuni ya Soprod inayojitia ufunguo yenyewe, na prizimu ni ya kioo kigumu cha safaya. Bei ilipotoka ilikuwa karibu faranga 3,000 za Uswisi, nawe ongeza usafiri na ushuru wa forodha. Kasoro yake ni unene unaozidi milimita 15, ambao haukubali kuingia chini ya mkono wa shati lililobana. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo moja la ziada: katika saa ya mishale tumezoea kusoma namba ya upande wa pili, lakini hapa hakuna upande wa pili, na kwa kuwa saa hii haina tarehe ya kuvurugika, unaweza kuisogeza saa sita ili saa mbili asubuhi isomeke 2.

Ya pili ni C1 Jump Hour ya Christopher Ward, kampuni ya Uingereza inayounda saa zake Uswisi. Mtambo wake wa kuruka, ulioundwa na fundi wa saa Johannes Jahnke, umepachikwa juu ya mashine ya kampuni ya Sellita, ambayo mafundi wengi wanaifahamu. Asiyevutiwa na umbo la Digitrend aanze hapa.

Digitrend ya zamani naiweka ya tatu, kwa mkusanyaji tu. Vipuri ni vya kuwinda, kwa hiyo usinunue iliyosimama kwa ahadi kwamba fundi ataifufua.

Ya nne ni Tank à Guichets ya Cartier, iliyobuniwa mwaka 1928 na kurejeshwa mwaka 2025 kwa dhahabu na platini. Ni nyembamba na nzuri kuliko zote hizi, ila bei yake ni ya makumi ya maelfu ya faranga na kuipata ni kazi. Mwenye uwezo wa kiasi hicho alinganishe kwanza na Zeitwerk ya A. Lange & Söhne ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 2009, ambayo dakika zake pia huruka badala ya kujiburuta.