Mazoezi ya tiba kwa maumivu sugu ya shingo: uzoefu wangu katika kliniki moja jijini Nairobi

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika kichwa kikiwa kimeinama. Maumivu yaliyonipeleka kwenye fiziotherapia yalianzia kisogoni, yakashuka hadi kwenye kombe la bega la kulia, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hayakuniachia nafasi ila kwa saa chache baada ya kumeza vidonge. Maumivu ya shingo huhesabiwa kuwa sugu yakishapita miezi mitatu, na yangu yalikuwa yamekipita kipimo hicho kitambo. Naandika kwa ajili ya washonaji, wasusi, madereva na makarani wenye tatizo kama hili, kwa kuwa huduma niliyoipata katika kliniki moja ya upande wa Hurlingham imenifaa, nami ningependa kuieleza yote, pamoja na yale ambayo hayakuniridhisha.

Kikao cha kwanza kilichukua saa nzima, na karibu nusu yake ilikuwa maswali. Mtaalamu alitaka kujua kama mikono yangu hufa ganzi, kama vitu hunidondoka, kama miguu hunipepesuka ninapotembea, kama nimewahi kushindwa kuuzuia mkojo, kama nimepata homa au kukonda bila sababu, na kama nimewahi kuanguka kutoka kwenye bodaboda. Alipima nguvu za vidole na mikono yangu, akaupapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili. Alinieleza kwamba mtu mwenye mojawapo ya dalili hizo hapaswi kuanza mazoezi kabla ya kuonwa na daktari hospitalini, kwa sababu huenda mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo, au mwingine unaotoka humo, umebanwa, au pana ugonjwa mwingine kabisa. Kliniki inayokupa mazoezi bila kukuuliza mambo haya, mimi singeiamini.

Nilikuwa nimebeba majibu ya kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili) yaliyosema kwamba diski mbili za shingo, yaani vile vikalio laini vya kati ya pingili, zimetokeza nje kidogo, na maneno hayo yalikuwa yamenitia hofu kiasi cha kuacha hata kubeba ndoo ya maji. Aliyasoma kwa makini, kisha akanieleza juu ya utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, ambapo watu 1,211 wasio na dalili zozote walipigwa picha za shingo na takriban 88 kati ya kila 100 wakaonekana na diski zilizotokeza vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, kilichoonekana kwenye picha yangu si lazima kiwe ndicho kinachoniuma. “Mama,” akaniambia, “shingo si yai. Tutaipa kazi, taratibu, mpaka izoee.” Naona sentensi hiyo ilinisaidia kuliko vidonge vyote nilivyokuwa nimemeza, maana tangu siku hiyo niliacha kuigeuza shingo kwa woga.

Zoezi la kwanza lilikuwa dogo mno hivi kwamba mtu angedhani amedanganywa. Nililala chali, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya kisogo, nikaambiwa niinamishe kidevu kiasi cha kuitikia “ndiyo” bila kukiinua kichwa, nishikilie hapo kwa sekunde kumi, nipumzike, kisha nirudie. Mtaalamu aliweka vidole viwili kando ya shingo yangu, juu ya ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Kila ulipokakamaa alinisimamisha. Alieleza kwamba mbele ya shingo, ndani kabisa, pana misuli midogo inayoshikilia pingili zake saba, na kwamba kwa watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu misuli hiyo hufanya kazi kwa uvivu, ile minene ya juu ikabeba mzigo usio wake na kuchoka. Nilipojaribu tena bila kuukaza msuli ule wa nje, kichwa kilianza kutetemeka kabla sekunde kumi hazijaisha. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiubeba uzito huo siku nzima kwa misuli isiyostahili.

Baada ya hapo mazoezi yaliongezwa hatua kwa hatua: kukiinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, kukisukuma kwenye kiganja bila kukiacha kisogee, kuvuta utepe wa mpira uliofungwa dirishani huku makombe ya bega yakirudi nyuma, na mwishowe kuinua vyuma vidogo kwa mikono. Kanuni aliyonipa kuhusu maumivu ilikuwa wazi: kuumwa kidogo wakati wa zoezi si hatari, mradi yatulie kufikia kesho yake, yakizidi, punguza uzito au idadi, usiache. Nilipouliza kwa nini mabega yashughulikiwe ilhali inayouma ni shingo, alinikumbusha kwamba msuli mkubwa wa bega umejishika kwenye shingo yenyewe, kwa hiyo bega lililochoka huivuta shingo chini kila mkono unapoisogeza nguo kwenye cherehani.

Nilisoma baadaye kuhusu utafiti uliofanywa Ufini na kuchapishwa mwaka 2003, uliowahusisha wanawake 180 wa kazi za ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Waliofanya mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega kwa mwaka mzima walipungukiwa na maumivu kuliko kundi lililoshauriwa kunyoosha viungo na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili. Mwaka mzima, tafadhali. Anayetarajia kupona baada ya vikao viwili atavunjika moyo bure. Kwangu mimi wiki za kwanza hazikuonyesha tofauti yoyote. Usingizi ndio uliotangulia kurudi, kisha nikaweza kugeuka kutazama magari kabla ya kuvuka barabara, na maumivu ya bega yalipungua mwisho. Hayajaisha. Januari, shule zinapofunguliwa na oda zinapojaa, hurudi kwa siku kadhaa, ila sasa najua la kufanya, na vidonge nimevipunguza sana.

Yako mambo ambayo kliniki hiyo ingepaswa kuyarekebisha. Mara kwa mara sehemu kubwa ya kikao ilitumika nikiwa nimelazwa chini ya kitambaa cha moto na mashine ya umeme mdogo, wakati mtaalamu anahudumia mtu mwingine. Joto lile linastarehesha, sikatai, lakini nililipia kufundishwa na kusahihishwa, nayo starehe ile ilikwisha kabla sijashuka kwenye matatu ya 46. Niliposema hivyo waziwazi, muda wa mazoezi uliongezwa. Tena karatasi ya mazoezi ya nyumbani imeandikwa kwa Kiingereza chenye maneno ya kitabibu ambayo wateja wengi hawawezi kuyafuata. Nilimwomba mtaalamu anichoree, akafanya hivyo kwa moyo mkunjufu, lakini karatasi ya Kiswahili ingewafaa wengi zaidi.

Kikao cha kwanza nilikilipia shilingi 3,000 na vilivyofuata shilingi 2,000 kila kimoja. Kwa mtu wa kipato changu hizo si pesa kidogo, ndiyo maana nasisitiza umuhimu wa mazoezi ya nyumbani: mtaalamu wangu mwenyewe ndiye aliyependekeza tupunguze vikao mara nilipoweza kuyafanya sawasawa peke yangu, na nikamheshimu zaidi kwa hilo. Hospitali za umma nazo zina idara za fiziotherapia. Popote uendapo, ulizia leseni ya anayekuhudumia, kwa kuwa Kenya ina Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mwenye leseni haoni taabu kuionyesha.

Anayepanga kwenda avae blauzi inayoacha mabega wazi au abebe leso, achukue majibu ya vipimo alivyonavyo, na aombe tangu siku ya kwanza apewe mazoezi yanayoweza kufanyika pale pale anapofanyia kazi.